Mkono umetulia, moyo je? Majibu kuhusu umeme na ubongo

Makala iliyopita ilieleza jinsi elektrodi nyembamba iliyozamishwa ndani ya ubongo inavyoweza kutuliza mkono unaotetemeka kwa muda wa sekunde chache tu. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya namna mbili: kuna waliouliza juu ya mikono na miguu, na kuna waliouliza juu ya huzuni isiyoisha. Nimeyajibu pamoja, kwa kuwa hata ndani ya ubongo mwendo na hisia vinaishi ukuta kwa ukuta.

*Shikamoo daktari. Baba ana ugonjwa wa Parkinson, huu ni mwaka wa tisa. Ameshauriwa afanyiwe upasuaji awekewe waya kichwani na betri kifuani. Je, atapona?*

Marahaba. Hatapona, na ni vizuri mlijue hilo kabla ya kusaini fomu yoyote. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwendo, zitaendelea kupungua kama kawaida. Kazi ya umeme ni kuvuruga mdundo mbaya ambao sehemu za ndani za ubongo huuanza dopamini inapokosekana.

Jambo hili liligunduliwa katika chumba cha upasuaji. Zamani mtetemeko mkali ulitibiwa kwa kuunguza nukta ndogo ndani ya thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, na kabla ya kuunguza, daktari alipitisha umeme kwanza ili ahakikishe yuko mahali sahihi. Mwaka 1987, huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid aliona kwamba mapigo yakifika kama 100 kwa sekunde, mtetemeko unakoma. Basi kwa nini aunguze, wakati angeweza kuuacha waya pale pale na kuuzima akitaka? Nchini Marekani, Mahlon DeLong na wenzake walikuwa wakichunguza nyani wenye dalili za Parkinson, na mwaka 1990 walionyesha kwamba kiini kidogo kiitwacho subthalamasi kilikuwa kinafanya kazi kupita kiasi. Kilipoharibiwa, nyani walianza kutembea vizuri. Kuanzia 1993 timu ya Grenoble ilipeleka elektrodi kwenye kiini hicho, na leo ndicho kinacholengwa zaidi kwa wagonjwa wa Parkinson.

Kwa baba yako kipimo kikubwa ni hiki: dalili zinazopungua anapomeza levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, kwa kawaida ndizo zitakazopungua kwa umeme. Mtetemeko pekee ndio huvunja sheria hiyo, maana unaweza kutulia hata kama dawa ilishindwa. Usemi, kuyumba anaposimama na usahaulifu mara nyingi havisaidiki, na usemi waweza hata kuzorota. Kwa hiyo muulizeni daktari wake kama amepimwa akiwa bila dawa, kisha akiwa ameimeza, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani. Muulizeni pia kuhusu hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya maambukizi. Hazitokei kwa wengi, lakini zipo. Betri nayo ina umri wake: ya kawaida hubadilishwa baada ya miaka michache, ile ya kuchaji hudumu zaidi.

*Ni kweli mgonjwa huwa macho wakati fuvu linatobolewa?*

Mara nyingi, ndiyo. Ngozi ya kichwa hutiwa ganzi, na ubongo wenyewe hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Huwekwa macho ili aombwe kukunja ngumi, kuongea, kuchora, na daktari aone papo hapo waya umefika wapi. Siku hizi picha za MRI, zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, zimekuwa safi kiasi kwamba hospitali nyingi humlaza mgonjwa usingizi kabisa na kuongozwa na picha. Kama woga wa kuwa macho ndio unaomzuia mzee wako, ulizeni kama njia hiyo ipo.

*Mume wangu aliwekewa kifaa hicho miezi minne iliyopita. Mkono umekuwa mwepesi, lakini moyo umekuwa mzito. Halii, hacheki, hataki wageni. Ndugu zake wanasema anajidekeza.*

Dada yangu, hajidekezi. Kati ya maswali yote, hili ndilo nililolisoma mara nyingi zaidi.

Mwaka 1999 madaktari wa Paris waliandika habari za mama wa miaka 65 mwenye Parkinson, ambaye hakuwahi kuugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, maishani mwake. Elektrodi moja huwa na vituo kadhaa vya kutolea umeme, kimoja juu ya kingine. Walipowasha kituo fulani cha chini, ndani ya sekunde chache mama yule aliinama, akaanza kulia, akasema amechoka na maisha. Wakazima. Haikufika dakika mbili, huzuni ikaondoka kana kwamba haikuwahi kuwapo. Kituo kingine kwenye waya ule ule kilimtibu mwendo wake vizuri bila machozi hata tone.

Milimita chache ndizo zilizotenganisha tiba na majonzi. Subthalamasi ni ndogo, umbo lake kama dengu, na ndani yake mna sehemu inayohusika na mwendo, nyingine na fikra, nyingine na hisia. Umeme ukimwagikia upande usiokusudiwa, tabia hubadilika: mmoja huzama, mwingine huchangamka kupita kiasi na kuanza kutapanya fedha.

Kuna sababu ya pili, na kwa namna ulivyomweleza ndiyo ninayoishuku zaidi. Baada ya upasuaji dawa za dopamini hupunguzwa. Zikipunguzwa haraka, mtu hukosa ari. Si kwamba analia. Hana hamu na chochote. Parkinson yenyewe pia huleta sonona, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya mtetemeko wa kwanza.

Haya yote yana marekebisho. Rudini kliniki, useme wewe, kwa sababu yeye akiulizwa atajibu "sijambo, mkono umepona." Andika tarehe mabadiliko yalipoanza, dawa zilipopunguzwa lini, na mipangilio ya kifaa ilipoguswa lini. Msikizime wenyewe nyumbani. Na akitamka neno lolote la kutaka kufa, nendeni siku hiyo hiyo, msingoje miadi.

*Naweza kupigwa picha ya ubongo nijue kama nina sonona?*

Hapana. Watafiti wakilinganisha mamia ya wagonjwa na mamia ya wazima, tofauti za wastani huonekana, ila picha ya mtu mmoja haitoi jibu. Sonona bado hutambuliwa kwa mazungumzo na anayeijua kazi yake. MRI ina kazi nyingine, kwa mfano kuhakikisha hakuna uvimbe.

*Nina sonona kwa miaka saba. Dawa nne zimeshindikana. Sumaku, au waya?*

Pole sana. Sumaku kwanza, bila kusita.

Mashine ya kuchochea ubongo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu ilionyeshwa na Anthony Barker huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani iliiidhinisha kwa sonona mwaka 2008. Hakuna kisu wala ganzi. Unahisi kama unagongwagongwa kichwani, unaweza kuumwa kichwa, na mara chache sana hutokea degedege. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 400, ulionyesha kuwa kipindi cha dakika 3 chenye mapigo ya mafungu hakizidiwi na kile cha kawaida cha dakika 37. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakajaribu vipindi 10 kwa siku kwa siku 5, wakitumia MRI kutafuta nukta ya kila mgonjwa peke yake. Matokeo ya 2022 yalitia moyo sana, ingawa washiriki hawakufika 30.

Waya kwa sonona bado ni jambo la utafiti. Daktari Helen Mayberg aliona kwenye picha za PET, zinazoonyesha ubongo ukiwa kazini, kwamba eneo la 25, chini kabisa mbele ya ubongo, huwaka mtu anapohuzunika na hutulia anapopona. Mwaka 2005, huko Toronto, yeye na wenzake waliwawekea elektrodi wagonjwa 6, na wanne walipata nafuu kubwa. Furaha ilikuwa kubwa. Ndipo likaja jaribio la watu 90, na baada ya miezi sita waliowashiwa umeme hawakutofautiana na ambao kifaa chao kilikuwa kimezimwa. Hata hivyo, kati ya walioendelea nao, takriban nusu walikuwa na nafuu kubwa baada ya miaka miwili.

Nadhani kosa mojawapo lilikuwa kulenga eneo badala ya njia. Picha mpya za MRI huonyesha nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo, na watafiti waliolenga pale nyuzi hizo zinapokutana waliona wagonjwa 8 kati ya 11 wakipata nafuu ndani ya miezi sita. Hakukuwa na kundi la kulinganishwa nao, kwa hiyo sitakuambia kwamba jambo limethibitika. Ukialikwa kwenye jaribio la namna hiyo, uliza nani atagharamia betri na ufuatiliaji utafiti ukiisha.

*Kama hata waliopewa tiba bandia hupata nafuu, si ni imani tu?*

Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapiga picha za PET wagonjwa wa Parkinson waliodungwa maji ya chumvi huku wakitarajia huenda ni dawa. Ubongo wao ulimwaga dopamini yao wenyewe, nyingi ya kuonekana kwenye picha. Matumaini nayo yana kemia yake. Ndiyo maana tunadai kila kifaa kilinganishwe na kile cha bandia: tupate kujua kipi kimetoka kwenye waya na kipi kimetoka kwa mgonjwa mwenyewe.

*Nimeona mtandaoni kikanda cha kichwani chenye betri, eti huondoa huzuni. Ninunue?*

Umeme dhaifu wa kupitia ngozi unafanyiwa utafiti wa kweli, na baadhi ya matokeo ni mazuri. Lakini kwenye utafiti kuna mtu anayechagua mahali, kiasi na muda, na anayekupigia simu hali ikibadilika. Usijiwekee peke yako, na usiache dawa kwa ajili yake. Kama tayari unacho, kichukue uende nacho kwa daktari wako, mkakitazame pamoja.