Masizi chumba cha injini

Swali: Boti yangu kuukuu ya dizeli hapa Mkoani inajaza masizi chumba cha injini, na ekzosi sioni tundu. Nianzie wapi?

Jibu: Vua kitambaa chote cha kuzuia joto, kasoro hujificha chini yake. Mshukiwa wa kwanza ni elbo, kiungo kilichopinda cha ekzosi, pale maji ya chumvi yanapochanganyika na moshi: huliwa kutoka ndani, nje ikabaki nzima. Injini ikipoa, ing'oe, igonge kwa nyundo ndogo. Ikitoa sauti butu, badilisha pamoja na gasketi. Kuchomelea ni kupoteza pesa. Chungulia pia ndani ya mpira wa ekzosi, yaani bomba la mpira linalotoa moshi: tabaka la ndani likibanduka huziba njia, injini ikachemka. Ukibadilisha, weka mpira uliotengenezwa kwa ekzosi hasa, klipu mbili za chuma cha pua kila ncha. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi, haina harufu, basi asilale mtu botini kabla hujamaliza.