Barua kwa mwanangu: kuhusu huyo Sol Campbell

Mwanangu,

Umeniuliza kama yule beki wa Uingereza, Sol Campbell, aliwasaliti Tottenham alipohamia Arsenal, maana mmebishana kazini mpaka chai ikapoa. Nitakujibu. Ila kwanza goli la Paris, kwani asiyelijua goli lile asimjadili mtu huyu.

Mei 17, 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa, timu yetu Arsenal na Barcelona. Wewe ulikuwa umeshalala. Kipa wetu Lehmann alilambwa kadi nyekundu dakika ya 18, sebule nzima kimya. Dakika ya 37 Eboué akaanguka (wanasema alijiangusha, sibishi), Henry akaupiga mpira wa adhabu, na Campbell akapaa peke yake, kichwa, wavuni! Mjomba wako alirukia meza, wali wote ukaenda chini, tukaula hivyohivyo. Tena ni Campbell yuleyule ambaye Februari, mechi na West Ham pale Highbury, uwanja wetu wa wakati ule, aliboronga kipindi cha kwanza, na mapumziko akaondoka uwanjani akaenda zake. Beki hasifiwi, husamehewa tu. Mnanisikia kila siku. Kisha dakika ya 76 Eto'o wa Barcelona akasawazisha, na punde mwenzake Belletti akapiga, mpira ukamgonga Almunia, kipa wetu aliyeingia badala ya Lehmann, mguuni ukaingia. Mpaka leo nikiona marudio nazima runinga.

Haya, usaliti. Kijana alilelewa Tottenham, akawa nahodha, akawaletea Kombe la Ligi 1999. Mwaka 2001 mkataba ukaisha, akavuka kwenda Arsenal, Tottenham wasiambulie hata senti. Aliporudi White Hart Lane, uwanja wa Tottenham, Novemba ile wakamwita Yuda. Yuda alilipwa, nikasema, huyu kamaliza mkataba wake. Lakini naye alilipwa, tena vizuri. Na timu zote za dunia hii, achague Arsenal, mahasimu wao wakubwa wa London? Halafu 2004 tukatwaa ubingwa palepale White Hart Lane, sare ya 2-2, naye yumo, msimu ambao hatukufungwa mechi hata moja ya ligi. Ningekuwa Tottenham ningelia.

Unajua kwa nini mjomba wako alimpenda kuliko Henry. Alipoacha duka la babu yako akaenda kuuza kwa mshindani wake ng'ambo ya barabara, Idi mbili hatukula pamoja. Babu alisema mtoto haondoki hivyo. Mjomba akasema alikuwa na familia ya kulisha. Mimi nilikuwa katikati nabeba sahani za biriani huku na huku, na wote wawili walikuwa na haki, jambo ambalo bado linaniudhi.

Kwa hiyo usinitie mdomoni neno msaliti. Kuhama ilikuwa haki yake. Beki hasifiwi, husamehewa tu, na wale Tottenham hawajamsamehe, nami siwalaumu sana. Basi, ukinibana kabisa: angehamia timu nyingine yoyote. Ila hapo goli la Paris tungelipata wapi?

Mjomba wako usimwonyeshe barua hii. Na uniletee ile dawa ya magoti ukija.

Mama yako