Shemeji alivyosema gari langu lina mapunye

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya rimu ya Mark II yake, rangi imevimba na kubanduka pembeni. Anauliza: "Kaka, nipulizie silva tu au nitafute za mtumba?" Nikacheka, halafu roho ikaniuma. Jibu la swali hilo mimi nililinunua kwa hela yangu.

Gari langu ni Altezza ya 2001, na rimu zake za inchi 17 zimekuja nalo kutoka Japani. Kwenye harusi ya binamu yangu, shemeji alilizunguka mbele za watu, akainama, akasema, "Mbona miguu ina mapunye?" Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Sijamsamehe, nasema ukweli.

Jumatatu yake nikamwendea fundi rangi wa mtaani. Elfu themanini, zote nne. Tairi hakuvua, alibandika magazeti, msasa wa harakaharaka, puti kwenye mikwaruzo, silva juu. Jioni nikaweka picha stetasi, nikahakikisha shemeji kaiona. Miezi mitatu ya upepo wa chumvi wa Kigamboni, puti ikaanza kudondoka kama ganda la yai. Kumbe alipulizia rangi nzito mpaka kwenye matundu, pale nati inapokaa. Ile rangi ikasagika, nati zikalegea. Nilisikia kugonga kushoto mbele nikiwa juu ya Daraja la Nyerere. Nilipovuka nikasimama: nati mbili nikazizungusha kwa vidole.

Hapo ubahili ukanitoka. Karakana ya pili walivua tairi, wakazamisha rimu kwenye dawa mpaka ikabaki alumini tupu, wakaizungusha kwenye mashine kuangalia kama imepinda. Moja ilikuwa imepinda. Na kwenye ukingo wa ndani, tairi linapobana, palikuwa na ungaunga mweupe: alumini imeliwa na chumvi. Ndiyo iliyokuwa ikinivujishia upepo kila wiki, huku mafundi pancha wakihangaika kutafuta msumari. Rangi waliyopaka wao ni ya unga, inarushwa kwa umeme ikang'ang'ania, kisha inaokwa kwenye tanuri kwenye nyuzi 200 hivi. Moto ukizidi sana, alumini inapoteza ugumu wake, kwa hiyo usikubali mtu wa kubahatisha.

Ndugu zangu, tunapenda magari lakini tunayapenda kwa macho. Muziki wa kutikisa vioo tunao, rimu tunampa mtu mwenye kopo na magazeti! Fundi asiyevua tairi, muage. Rimu yenye ufa kwenye mkono, ule unaounganisha katikati na ukingo, achana nayo hata akuahidi kuichomelea. Wanaochonga uso wa rimu kwa mashine ili ung'ae kama kioo wanapunguza alumini kila wakichonga. Si kazi ya kurudia kila mwaka. Weka vali mpya, piga balansi, na matundu ya nati yaachwe bila rangi nzito. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, kaza nati upya kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa Toyota ndogo kama yangu ni 103 Nm. Nati yangu moja ilizunguka robo nzima, japo kazi ilifanywa na mafundi wazuri.

Wa Mark II, namba ya karakana nimekutumia. Shemeji naye kaiomba. Nimemwambia nitaitafuta.