Jibu: Kwa nini wenye siasa kali hupokelewa baada ya maafa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu waliofikwa na maafa huwapokea wenye siasa kali ilhali wanawajua walivyo. Nakujibu kwa kisa cha Kashmir upande wa Pakistan, ambako tetemeko la tarehe 8 Oktoba 2005, lenye ukubwa wa 7.6, liliua watu zaidi ya 70,000. Maporomoko yalifunga barabara za milimani, na jeshi lenyewe lilipoteza askari waliofukiwa kambini. Jamaat-ud-Dawa, jumuiya yenye uhusiano wa karibu na Lashkar-e-Taiba, kundi lenye silaha linalopigana na India, tayari ilikuwa na watu wake papo hapo, ikafungua hospitali ya mahema mjini Muzaffarabad na kupeleka chakula kwa nyumbu katika vijiji visivyofikika kwa gari. Mama aliyembeba mtoto aliyevunjika mguu haulizi itikadi ya anayemfunga bandeji, nami siwezi kumlaumu.

Hata hivyo, usidhani kwamba kila aliyepokea msaada alijiunga nao. Utafiti uliofanywa huko miaka 4 baadaye ulionyesha kuwa wakazi wa karibu na ufa wa tetemeko, ambako wageni wengi walifika kusaidia, waliwaamini watu wa Magharibi zaidi ya wakazi wa mbali walivyowaamini. Imani humfuata aliyepo kusaidia, ndiyo maana mimi nahofia zaidi miezi inayofuata, mahema yanapochakaa, wafadhili wanapofunga virago na yatima wanapohitaji wa kuwasomesha, kwa sababu anayebaki akiwapa daftari na mlo ndiye anayepata nafasi ya kuwafundisha atakacho.