Maswali ya Wasomaji: Nikiuza Riwaya kwa Televisheni, Nabaki na Sauti Gani?

SWALI: Mwaka 2024 mwandishi George R. R. Martin alilalamika hadharani kuhusu tamthilia ya House of the Dragon, iliyotokana na kitabu chake. Naye ni mmoja wa watayarishaji watendaji! Ilikuwaje ashindwe kuzuia mabadiliko? Nauliza kwa kuwa kampuni moja inataka kuigiza riwaya yangu.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Cheo cha mtayarishaji mtendaji huleta heshima na malipo, lakini hakimpi mtu nguvu ya kusimamisha kamera kama mkataba haukusema hivyo. Kauli ya mwisho ni ya anayelipia, yaani kituo cha televisheni cha HBO, na kazi ya kila siku iko mikononi mwa Ryan Condal, msimamizi mkuu wa tamthilia.

Mzozo wenyewe ulihusu mtoto mmoja. Katika kitabu hicho, Fire & Blood (2018), wauaji wanamlazimisha Malkia Helaena achague yupi kati ya wanawe wawili afe. Anamtaja mdogo, Maelor. Wao wanamuua mkubwa. Kwenye tamthilia Maelor hayumo kabisa. Kwa maelezo ya Martin, Condal alimwambia kwamba mtoto wa miaka miwili angechelewesha upigaji picha na kuongeza gharama. Ni sababu ya kweli, kila anayefanya kazi na watoto wadogo anaijua. Lakini bila Maelor mama hana wa kuchagua, na uchungu wa tukio unapungua sana. Tena kitabuni kifo cha Maelor kinamvunja Helaena, naye akijiua ghasia zinalipuka mjini. Ukimfuta mtoto, inabidi utafute chanzo kipya cha yote hayo. Kwa hili tunaona Martin ana haki.

Yaliyompata mwandishi Ursula K. Le Guin yanakuhusu zaidi. Mwaka 2004 Sci Fi Channel ya Marekani ilionyesha tamthilia ya vitabu vyake vya Earthsea, na mkataba ulimpa nafasi ya mshauri tu. Aliletewa skripti pamoja na taarifa kwamba upigaji picha umeshaanza. Mhusika mkuu, Ged, ambaye kitabuni ngozi yake ni ya kahawia yenye wekundu, akaigizwa na kijana Mzungu. Le Guin alipinga kwa maandishi, na kwa nguvu, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo usiridhike na ahadi ya kushauriwa. Idhini juu ya kila ukurasa hutapewa. Omba idhini ya maandishi kwa mambo machache yaliyotajwa wazi, kama mwisho wa hadithi, wahusika wasiopaswa kubadilishwa, pamoja na asili yao. Dai skripti ya kila kipindi walau siku 21 kabla ya kupiga picha, nawe uwe na siku 7 za kujibu. Weka haki ya kuondoa jina lako. Wasipoanza kupiga picha ndani ya miezi 18, haki zikurudie. Na mkataba utaje tamthilia ya televisheni peke yake: kitabu, mwendelezo wake, jukwaa na kitabu cha sauti vibaki vyako. Ukiona maneno "haki zote", usitie saini.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inakulinda dhidi ya upotoshaji wa kazi yako unaokuvunjia heshima, ila kesi huchukua muda na tamthilia itakuwa imeshaonyeshwa.

SWALI: Wameniahidi asilimia 10 ya faida badala ya malipo ya mwanzo. Nikubali?
Msomaji yuleyule

JIBU: Hapana. Faida huhesabiwa baada ya kutoa mishahara, vifaa, matangazo na mikopo, na anayehesabu ni wao. Mara nyingi hakibaki kitu. Taka kiasi maalumu unaposaini, kingine siku ya kwanza ya kupiga picha, na malipo kwa kila kipindi kitakachotengenezwa, pamoja na haki ya kukagua hesabu. Msimu wa pili uwe na bei yake mkatabani tangu sasa.