Kabla hujalipia maana ya jina Panyako

Mwana wefwe, usitume hizo pesa. Na huyo fundi wa makaburi hapo Nakuru mwambie asiliguse jiwe kwanza.

Umeuliza jina la Panyako limetoka wapi, lina maana gani na liko kwa watu wangapi duniani. Kisha mwishoni, kama kitu kidogo tu, ukasema kuna tovuti imekuahidi cheti cha asili ya ukoo pamoja na nembo, na kwamba Desemba mnataka kuvichonga kwenye kaburi la kuka wenu, yaani babu, huko Malava. Hapo ndipo niliposukuma sahani kando nikaanza kuandika. Njia hiyo nimeipita, na iliupotezea ukoo wetu kitu ambacho pesa haikirudishi.

Sisi jina letu ni Keya, kwetu ni upande wa Butere, Kakamega. Kuka alipofariki mimi ndiye niliyekuwa na mshahara Kisumu, kwa hivyo habari ya jiwe ikaniangukia. Nilitaka liwe na maana ya jina letu, wajukuu wasome wajue. Nilikuwa nataka kwenda kuwauliza wazee. Binamu yangu mmoja, msomi, akanizuia: wazee huchanganya mambo, kila mmoja ana hadithi yake, mtandaoni kuna kumbukumbu. Akanitumia tovuti. Safi kabisa, ina ramani ya dunia yenye rangi inayoonyesha jina lako liko wapi na wapi. Nikalipa shilingi 8,500.

Jibu likaja kwenye karatasi yenye mapambo pembeni: Keya ni ua, asili yake Bengali, na ukoo wenu huenda ulifika pwani na wafanyabiashara wa baharini ukaingia bara baadaye. Chini yake ngao, simba wawili, ua katikati.

Sasa sikia kinachoniuma hadi leo. Bengali kuna wasichana wanaoitwa Keya, na ni kweli ni jina la ua. Hawakutunga! Waliokota jina lenye herufi nne zilezile wakaniuzia. Kwenye fomu yao nilijaza nyumbani ni Kakamega, kabila ni Mluhya, babu alizaliwa miaka ya thelathini. Habari zote walikuwa nazo na hakuna aliyezitazama. Na hiyo nembo ni uongo mtupu. Huko London kwenyewe kuna College of Arms, iliyoanzishwa mwaka 1484, ndiyo inayosimamia nembo za Waingereza, na msimamo wao ni wazi: hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu, ikarithiwa na uzao wake halali. Hata Mwingereza hawezi kudai ngao kwa sababu tu ana jina fulani, sembuse sisi. Na ile ramani ya watu wangapi, inahesabu nini? Kwetu watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti kila mmoja, kwa sababu kila mtoto alipewa jina la mtu wake aliyetangulia kufa.

Basi jiwe likachongwa. Graniti nyeusi. Fundi alikuwa hodari, siwezi kumlaumu: ua la petali tano, kila petali na mshipa wake katikati, halafu akajaza rangi ya dhahabu kwa brashi nyembamba. Chini yake maneno niliyotoa kwenye kile cheti. Tukalipeleka nyumbani kwa pikapu limefungwa blanketi.

Siku ya makumbusho, kukhu, yaani nyanya yetu, aliletwa na kiti chake akawekwa karibu kabisa na kaburi. Huyu ni dada mkubwa wa kuka. Macho yalikuwa yamekwisha, kwa hivyo akainama akapitisha vidole juu ya jiwe, akafuata ule mchongo pole pole, petali moja hadi nyingine. Akauliza, "Hiki ni nini?" Nikamwambia ni ua. "Ua la nini?" Nikaanza kumweleza habari za Bengali na wafanyabiashara. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, mbele ya watu wote, "Keya alikuwa ndugu ya baba yetu."

Akaeleza. Mtu huyo alikwenda na vita vya Wajerumani akiwa kijana, hakurudi. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini tangu aondoke watu walimtaja kwa kikosi kilichomchukua. King's African Rifles, kikosi cha kikoloni cha Waingereza kilichoundwa mwaka 1902, kwa kifupi K.A.R., na hizo herufi tatu midomoni mwa watu wa kwetu zikawa Keya. Miaka ikapita. Kuka alipozaliwa alilia mchana na usiku, akakataa titi. Wazee wakaanza kutaja waliokufa, mmoja mmoja. Lilipotajwa la Keya, mtoto akanyamaza akanyonya. "Nilikuwa nimesimama mlangoni," kukhu akasema, "nilisikia kwa masikio yangu."

Unaelewa tulichofanya? Keya wa kwanza hana kaburi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hata hawakukumbukwa kabisa. Nikisoma hiyo namba namwona yeye. Jiwe la kuka lilikuwa mahali pekee chini ya jua ambapo jina lake lingeandikwa, na tukalichongea ua la watu wengine.

Ami zangu walilitoa jiwe wiki iyo hiyo. Gharama ya jiwe jipya tulichanga, ikaisha. Kisichoisha ni hiki: tulikubaliana kurudi Pasaka kumrekodi kukhu. Jina la kuzaliwa la yule mtu ni lipi? Aliondoka na nani? Alikuwa na mke? Kukhu akafariki kabla ya Pasaka. Hakuna mwingine anayejua. Ile miezi yote niliyokaa nikisubiri cheti, alikuwa amekaa pale nyumbani, safari ya asubuhi moja tu kutoka Kisumu.

Kwa hivyo nakuomba ushike jambo moja. Usiulize "jina lina maana gani". Uliza "alirithi kwa nani". Sote tunajua Wafula ni wa mvua, Wekesa wa mavuno, Simiyu wa kiangazi, tukadhani kila jina linamweleza mwenyewe. Lakini utakutana na Wekesa aliyezaliwa njaa ikiwa imekaza, kwa sababu alipewa Wekesa aliyemtangulia kaburini. Maana ya jina ni ya yule wa kwanza kulibeba. Wa kwenu alilipokea kutoka kwa mtu, na mtu huyo ndiye unayemtafuta. Na usianze na wanaume wenye fimbo barazani. Anza na kina kukhu na senje, yaani shangazi, maana mtoto alipokuwa akilia na majina yakitajwa, wao ndio waliokuwa ndani ya nyumba.

Panyako nakupa bure: ni Pioneer Corps, kikosi cha Waingereza cha Vita vya Pili. Kilianza 1939, kikapata jina hilo 1940. Kilikuwa cha kazi za mikono: kuchimba mitaro, kutengeneza barabara, kupakua meli. Vijana wetu walichukuliwa kwa kazi hizo, na wazee wakalitamka walivyoweza. Lakini umesema kuka wenu alizaliwa 1946, vita vimekwisha. Yeye hakwenda. Basi Panyako alikuwa mwingine, na hapo tovuti yoyote inakwama.

Umemtaja senje wenu wa Lugari, mwenye miaka tisini na kitu, ukasema mtampelekea picha ya kaburi likishakamilika. Mpigie leo jioni. Washa kurekodi kabla hujamsalimia, ongea naye kwa lugha ya nyumbani, muulize mtoto alipolia ni nani waliotajwa kabla ya Panyako, na ni nani aliyetaja. Akichoka mwache apumzike, upige tena kesho. Fundi mwambie achonge jina na miaka tu, na sehemu ya chini aiache wazi.