Maziwa ya jioni ndo yalikuwa yanatuumiza

Wiki hii mmeuliza kiwanda kipya cha maziwa kinamsaidia nini mfugaji anayekaa karibu nacho, najua wengi watajibu bei. Mimi nina ng'ombe wanne wa maziwa na nasema bei sawa, ila kwangu kilichobadilika ni maziwa ya jioni.

Ya asubuhi hayajawahi kuwa shida, mchuuzi anapita na pikipiki anabeba. Ya jioni sasa, unakamua saa 11, mnunuzi hakuna, yanalala kwenye dumu na joto lote lile, asubuhi ukiyabandika tu jikoni yanakatika, kidogo unampa ndama mengine unamwaga. Kiwanda kilipokuja kikaweka kituo chenye tangi la kupozea, ukiwahisha ndani ya masaa mawili tangu ukamue yanashushwa mpaka nyuzi 4 na yanalala salama hadi lori lije. Yaani ng'ombe walewale, majani yaleyale, lita za kuuza zimeongezeka kwa vile tu hazimwagwi.

Ila msidhani ni mteremko. Pale mapokezi kuna kijana na laktomita yake, kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, anaitumbukiza, ikisoma chini ya 28 haangalii tena maziwa anakuangalia wewe (na maziwa yenyewe tayari ni maji asilimia kama 87, sijui mtu anaongeza mengine ya nini). Halafu anachanganya kidogo na spiriti kwenye kichupa, yakifanya chembechembe unarudi na dumu lako. Nilirudishwa mara mbili nikakasirika kweli, kumbe ng'ombe mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele chuchu moja tu na mimi sina habari! Siku hizi michirizi ya kwanza naikamulia kwenye kikombe cheusi, nikiona vibonge, ya huyo siyachanganyi na ya wenzake. Na ukimchoma antibayotiki unasubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ndo upeleke maziwa yake, maana yakiwa na dawa hata mtindi unagoma kuganda.

Malipo ni mwisho wa mwezi, hapo wengi tulinuna maana mchuuzi anatoa keshi palepale. Lakini ile karatasi ya malipo ya miezi sita ndo nilienda nayo kwenye chama cha akiba na mikopo nikapata hela ya mashine ya kukatia majani, mchuuzi angeniandikia nini?

Hata hivyo sijamwacha, lita tatu za asubuhi bado ni zake. Siku tangi likiharibika nitamkimbilia nani?